Msongamano wa Minde

Katika ripoti za watafiti wa wanyamapori kuna neno moja linalonichekesha: msongamano. Msongamano ninaoujua mimi ni wa daladala za Mbagala jioni. Sasa mtu anaandika "msongamano wa minde", na minde ni paa mweusi mwenye shungi jekundu utosini, hupenda kutembea peke yake, tena usiku. Hapatikani nje ya Tanzania. Picha yake ya kwanza akiwa porini ilipigwa mwaka 2003 huko Udzungwa, na aliyeipiga hakuwa mtu. Badala ya msongamano ningeandika tu "wingi kwa kilomita ya mraba", hata kama ni refu.

Chombo kilichompiga picha, wengi hukiita mtego wa kamera. Sawa, lakini kwa wakazi wa kando ya msitu mtego ni kitanzi cha waya, na vitanzi ndivyo vinavyowamaliza paa. Nenda kijijini useme "tumetega mitego" uone utakavyoulizwa. Napendekeza kamera vizia: imefungwa mtini kwa mkanda, usawa wa goti, inangoja mwili wenye joto upite, inapiga, inaandika tarehe na saa.

Kazi iko kwenye hesabu. Picha 40 si minde 40. Huenda ni mmoja mwenye njia yake. Swala aina ya bongo wa Aberdare na Mlima Kenya wana michirizi myeupe ubavuni, na hakuna wawili waliofanana, kwa hiyo mtafiti humjua huyu na yule. Minde hana hata mstari. Kwa wanyama wa namna hiyo, mtafiti Rowcliffe na wenzake walitoa kanuni mwaka 2008 isiyohitaji kumtambua mnyama: inataka idadi ya picha kwa siku, mwendo wa mnyama kwa siku, na umbali na pembe ambavyo kamera huona. Ukidhani minde hutembea nusu tu ya mwendo wake halisi, jibu linatoka mara mbili.

Jibu la namna hiyo ni makadirio. Kuliita sensa ni kulivika joho lisilo lake, maana sensa humfikia kila mmoja. Idadi ya minde inayotajwa sana ni 1,500 hivi, na lile "hivi" ndilo la kwanza kudondoka habari inapopita mkono kwa mkono. Mhariri akikata maneno kwa ajili ya nafasi, akate kwingine.