Haki ya Wafu Katika Ardhi ya Mji

Ardhi ya mji ni ghali, na kitu ghali hakikosi wagombezi. Katika ugombezi huo walio hai husikika, kwa kuwa wana vinywa na mawakili. Wafu hawasikiki mpaka atokee mtu wa kuwasemea. Nimechagua kisa kimoja cha New York ili kulipima jambo hili, maana huko palikuwa na sheria iliyoandikwa, ramani iliyochorwa, fedha na wataalamu, na hata hivyo kosa likatendeka. Ikiwa penye vyote hivyo palikosewa, penye upungufu panataka hadhari maradufu.

Mji huo ulianzishwa na Waholanzi kwa jina la New Amsterdam, ukatwaliwa na Waingereza mwaka 1664. Sehemu kubwa ya kazi ya kuujenga ilibebwa na Waafrika waliotiwa utumwani. Wengi walitoka Afrika ya Magharibi na ya Kati. Baadhi yao waliletwa kutoka Bukini, yaani Madagaska, ambako merikebu za wafanya biashara wa New York zilikwenda kutafuta watumwa katika miaka ya 1690. Mwaka 1697 Kanisa la Trinity liliwakataza Waafrika kuzikwa katika uwanja wake. Basi wakawazika wafu wao nje ya mji, penye ardhi ya mabonde isiyotakiwa na mtu. Hata huko amri ziliwafuata: mwaka 1722 walikatazwa kuzika usiku, na mwaka 1731 waombolezaji walipunguzwa wasizidi 12. Uwanja ulifungwa mwaka 1794, mabonde yakajazwa kifusi, ardhi ikagawanywa viwanja, na maduka yakasimama juu ya makaburi. Yakadiriwa kuwa watu wapatao 15,000 walizikwa hapo.

Mahali hapo hapakuwa siri. Ramani ya Maerschalck ya mwaka 1755 yapaonyesha waziwazi pamoja na jina lake. Serikali kuu ya Marekani ilipokusudia kujenga hapo jengo la ofisi la ghorofa 34, sheria ya mwaka 1966 ya kuhifadhi mambo ya kale iliilazimu kuchunguza kwanza. Uchunguzi ulifanywa, na ramani ikatajwa. Lakini ilidhaniwa kwamba vyumba vya chini vya nyumba za baadaye vilikwisha kuyaharibu makaburi yote. Dhana hiyo ilikuwa nafuu kwa mwenye kujenga, wala haikuwa kweli. Kifusi kilikuwa kimeinua uso wa ardhi kwa futi nyingi, kikayafunika makaburi kama mfuniko ufunikavyo chungu. Mwaka 1991 wachimbuzi walikuta mifupa, tena mingi.

Hapo ndipo mashindano yalipoanza. Mkataba wa ujenzi ulikwisha kutiwa sahihi, na kila siku ya kungoja ilikuwa na gharama yake. Uchimbuzi ukaendeshwa mbio mbio, na mapema mwaka 1992 makaburi kadhaa yaliharibiwa na ujenzi. Watu weusi wa mji huo waliandamana, wakakesha kwa sala, wakapeleka malalamiko yao kwa wabunge. Naye meya wa wakati huo, David Dinkins, aliwaunga mkono. Mwezi wa Julai 1992 uchimbuzi ulisimamishwa. Sehemu ya jengo iliyokusudiwa juu ya makaburi yaliyosalia ikaachwa. Mnara wenyewe ukajengwa.

Mabaki ya watu 419 yalikabidhiwa Chuo Kikuu cha Howard, chini ya uongozi wa Michael Blakey. Yeye hakuanza kwa kupima mifupa. Alianza kwa kuwauliza wazao wanataka kujua nini. Maswali yakawa manne: walitoka wapi, waliishi vipi, walibadilika vipi, na walipinga vipi utumwa. Mifupa ikajibu. Zaidi ya watu 20 walikuwa na meno yaliyochongwa kwa desturi za Afrika. Mwanamke mmoja alizikwa na shanga kiunoni. Wengi walilazwa katika majeneza, vichwa vyao upande wa magharibi, na pini za sanda zilionekana bado. Viungo vilionyesha alama za mizigo iliyowazidi, na sehemu kubwa ya wafu hao walikuwa watoto. Vitabu vya mabwana viliwahesabu kama mali. Makaburi yanashuhudia kwamba wenyewe kwa wenyewe walizikana kama watu.

Yuko atakayesema kwamba walio hai wanahitaji nyumba na kazi, na kwamba mji ukisimama kwa kila mfupa hautajengwa kamwe. Hoja hii ina uzito, lakini kisa chenyewe chaijibu: mnara ulijengwa, na mji haukupungua. Atasema tena kwamba bila ujenzi tusingaliwajua watu hao. Hilo ni kweli, na ni kweli chungu. Ila lisigeuzwe kuwa shukrani. Mwizi aliyevunja ukuta akafichua hazina hadai ujira wa kuifichua. Kuchimba kwa haraka ili kupisha saruji ni kuokoa kilichobaki. Kuhifadhi ni kuuliza kabla ya kununua na kabla ya kuchora, wakati kungoja bado ni rahisi, na kuwauliza wale ambao wafu ni wao.

Mwezi wa Oktoba 2003 mabaki hayo yalirudishwa. Yalisafirishwa katika majeneza yaliyochongwa kwa mkono nchini Ghana, yakapitishwa Baltimore, Wilmington, Philadelphia na Newark, watu wakitoka kuyapokea, yakazikwa tena karibu na pale yalipotolewa. Mwaka 2006 mahali hapo palitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Amri ya mwaka 1731 iliwaruhusu waombolezaji 12 tu. Safari hii walikuja maelfu. Lakini wenzao walio wengi wangali chini ya barabara na majengo ya jirani, na kila atakayechimba msingi huko atakuwa na ramani ile ile mbele yake.