Kanzu ya Padre Njiani: Shauri la Wafaransa

Mtu asiyelijua shauri hili aweza kulidhania kuwa dogo, shauri la washoni na wafua nguo. Walakini katika nchi ya Ufaransa swali la kama yampasa padre Mkatoliki kutembea njiani akiwa amevaa vazi la upadre limepata kuamuliwa kwa amri ya mapinduzi, kwa sheria ya Napoleon, kwa tangazo la meya wa mji mdogo, kwa kura ya Bunge, na baadaye kwa ruhusa ya askofu mkuu. Ni vigumu kutaja vazi jingine la mwanamume lililoisumbua dola kwa kadiri hiyo. Nimeichagua Ufaransa kwa sababu huko hoja zote mbili, ya kuvaa na ya kuvua, zimeshinda kwa zamu. Na pia kwa sababu katika habari zake mna jambo ambalo wabishi wa pande zote mbili hupenda kulipita upesi: waliotaka kuiondoa kanzu njiani kwa nguvu sio walioiondoa.

Ubishi wenyewe una umri mkubwa kuliko jina la Ufaransa. Mwaka 428 Papa Selestini wa Kwanza aliwaandikia maaskofu wa majimbo ya Vienne na Narbonne, katika nchi iliyoitwa Galia zama zile, kuwakemea wenzao waliozuka na mavazi ya pekee. Baadhi ya maaskofu wa huko walikuwa wametoka katika maisha ya utawa, nao walipopewa uaskofu hawakuiacha joho yao wala mshipi wao kiunoni. Papa hakupendezwa. Kwa maoni yake watumishi wa Kanisa wapaswa kujulikana kwa mafundisho yao na mwenendo wao, si kwa nguo. Na mwenye kujifunga mshipi ili atimize maneno ya Maandiko ameshika herufi akaiacha roho. Basi katika waraka huu, ambao ni miongoni mwa maandiko ya kale sana ya Kanisa juu ya jambo hili, ni Papa anayepinga vazi la upadre, na wanaolitetea ni maaskofu wa mikoani. Wale wasemao leo kwamba kanzu ni desturi ya tangu Mitume wangefanya vyema kuusoma.

Vazi la pekee lilikuja baadaye, nalo lilikuja kwa njia ya ajabu kidogo. Mapadre hawakubuni kitu kipya. Walimwengu ndio waliobadili. Kanzu ndefu ya Kirumi ilikuwa nguo ya waungwana wote. Mataifa ya kaskazini yalipoingia na mavazi yao mafupi na suruali zao, watu wakawafuata, na mapadre wakabaki katika urefu ule ule wa zamani. Kukaa kwao mahali pamoja ndiko kulikowatenga na wengine. Baada ya karne nyingi Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, uliamuru kwa adhabu kwamba makleri wavae vazi linalofaa daraja yao; ukakiri kuwa nguo haimfanyi mtu mtawa, lakini ukashikilia kuwa adabu ya nje hudhihirisha unyofu wa ndani. Hata hivyo sheria hiyo haikutaja kanzu ya kufika visiginoni kila saa na kila mahali. Katika Ufaransa ya wafalme padre aliyekuwa safarini aghalabu alivaa vazi fupi jeusi, na hapana aliyeshangaa.

Yaliyofuata ndiyo yaliyoigeuza nguo kuwa bendera. Tarehe 6 Aprili 1792, siku yenyewe ya Ijumaa Kuu, Bunge la Mapinduzi lilipiga kura ya kuondoa mavazi ya kidini njiani. Jambo la kutia fikira ni kwamba aliyesimama kulihutubia Bunge akiunga mkono alikuwa Torné, askofu wa wale waliokula kiapo cha kuitii Katiba. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule marufuku ilitiwa katika sheria. Halafu alikuja Napoleon, akapatana na Papa mwaka 1801, na katika sheria yake ya mwaka 1802 akaamuru kwamba mapadre wote wavae mtindo wa Kifaransa, rangi nyeusi. Maaskofu waliruhusiwa kuongeza msalaba kifuani na soksi za zambarau. Maana yake ni kwamba padre avae suti nyeusi ya raia mwenye heshima. Haikupita miaka miwili, mwanzoni mwa 1804, serikali ikalegeza na kuruhusu kanzu. Katika karne hiyo ya kumi na tisa ndipo kanzu ndefu nyeusi ilipokuwa vazi la kila siku la padre wa kijiji cha Kifaransa, lile tulionalo katika picha. Ilipata nguvu kwa sababu ilikuwa imekatazwa. Sheria ya Napoleon ilibaki vitabuni kwa miaka mia na zaidi, na mapadre wakaivunja kila asubuhi kwa kufunga vifungo vyao.

Kwa hiyo ilipofika mwisho wa karne, adui wa Kanisa aliiona kanzu kuwa ni Kanisa lenyewe linalotembea. Mwaka 1900 Eugène Thomas, meya wa Kremlin-Bicêtre, mji ulio ubavuni mwa Paris, alitoa tangazo la kukataza kanzu katika mitaa ya mji wake. Miaka miwili baadaye serikali ilishikwa na Émile Combes, aliyeyafunga mashule ya watawa kwa mkono mzito. Na Combes, mtu asisahau, alisoma seminarini katika ujana wake.

Ndipo tufikapo mwaka 1905, mwaka wa sheria ya kutenga dini na dola. Mwezi wa Juni, mswada ulipokuwa ukijadiliwa, mbunge wa Drôme, Charles Chabert, alileta nyongeza: wahudumu wa dini wasivae vazi la kidini ila wakati wanapofanya ibada. Tusimdharau Chabert kwa kumdhania mtu wa chuki tupu. Alikuwa na hoja mbili, na ya pili ni nzito. Kwanza alisema kuwa kanzu humpa padre mamlaka juu ya watu wanyonge kabla hajafungua kinywa. Pili alisema kuwa humfunga padre mwenyewe: humtenga na watu wa rika lake, humzuia kufikiri kama wao, humfanya mfungwa atembeaye na gereza lake. Mvue kanzu, naye atakuwa mtu huru. Hoja hii ya pili itasikika tena miaka arobaini baadaye, na itasemwa na mapadre.

Aliyejibu kwa niaba ya kamati ni Aristide Briand, mtu asiyekuwa na dini ya kumsukuma. Alisema kwamba kamati ilinyamaza kwa makusudi, kwa kuwa isingekosa kuchekwa kama, katika sheria ya kuleta uhuru, ingewalazimisha watu kubadili mkato wa nguo zao. Kisha akaleta hoja ambayo naiona kuwa ya mtu aijuaye dunia. Katazeni kanzu leo, alisema kwa maana, na akili za mapadre na za washoni zikiungana zitazua upesi vazi jipya ambalo si kanzu, lakini si koti la raia pia, na mpita njia atamtambua padre kwa mtupo mmoja wa jicho. Je, mtatunga sheria nyingine? Fauka ya hayo, dini ikisha kutengwa na dola, kanzu itakuwa nguo kama nguo nyingine, ya kuvaliwa na raia yeyote apendaye, padre au asiye padre. Wabunge 391 waliikataa nyongeza, 184 wakaikubali. Sheria ilipotoka tarehe 9 Desemba 1905 iligusa alama za dini juu ya majengo ya umma. Juu ya mwili wa mtu haikusema neno. Nayo ikafuta ile amri ya Napoleon. Kwa mara ya kwanza tangu 1792, dola la Kifaransa halikuwa na rai yoyote juu ya nguo ya padre.

Nini kilitokea baada ya hapo? Kwa muda hapakutokea kitu. Kanzu iliendelea njiani, na vita viwili vikapita. Lakini uadui ulipopungua, mapadre walipata nafasi ya kujiuliza swali ambalo hawangeweza kujiuliza wakati adui alipokuwa mlangoni. Mwaka 1943 makasisi Godin na Daniel walitoa kitabu kilichouliza kama Ufaransa yenyewe si nchi ya kupelekewa wamisionari. Na mwaka huo Kardinali Suhard wa Paris alianzisha kikosi cha mapadre wa kwenda kwa wafanyakazi. Tena mwaka huo mapadre walijificha miongoni mwa Wafaransa waliopelekwa kufanya kazi Ujerumani, wamevaa nguo za kibarua. Mmoja wao, Mjesuiti Henri Perrin, aligunduliwa, akafungwa Leipzig, na kitabu chake cha mwaka 1945 kiliwaeleza Wafaransa jambo walilokuwa hawajalifikiri: kwamba kuna watu ambao padre hawezi kuwafikia mpaka kwanza waache kumtambua. Mapadre wafanyakazi waliovaa nguo za kiwandani walikuwa wamekaribia mia Roma ilipowasimamisha mwaka 1954. Waliruhusiwa tena mwaka 1965.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuona ugeni katika wazo hilo, kwani Mfaransa mwingine alilitumia zamani na matokeo yake yalifika kwetu. Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers, alipoanzisha chama cha Mapadre Weupe mwaka 1868, aliwavika nguo za watu wa Algeria: kanzu nyeupe, joho nyeupe na kofia nyekundu, na rozari shingoni. Walishuka Bagamoyo mwaka 1878 wakielekea maziwa makuu. Pwani hii kanzu ilikuwa vazi la Mwislamu na la mwungwana, na lugha yetu haikupata taabu. Ililiita vazi la padre kwa neno hilo hilo, kanzu. Kwa hiyo huko Ufaransa vazi lilimtenga padre na watu, na katika Afrika ya Kaskazini lilichaguliwa ili lisimtenge. Ni Kanisa moja, na ni vizazi vile vile.

Kulikuwa na mtu mwingine aliyejifunza somo hili kwa lazima. Uturuki ilikataza mavazi ya kidini njiani kwa sheria ya mwaka 1934, na mjumbe wa Papa huko, Angelo Roncalli, aliivua kanzu mwaka 1935 akavaa suti, bila kuifanya kisa. Alihamishiwa Paris mwishoni mwa 1944, akakaa huko mpaka 1953. Alikuwa Papa Yohane wa Ishirini na Tatu wakati Kardinali Feltin wa Paris, katikati ya mwaka 1962, alipowaruhusu mapadre wake kutembea na suti nyeusi au ya kijivu yenye ukosi mweupe. Maaskofu wengine walifuata. Katika miaka michache kanzu ilikuwa adimu katika mitaa ya Ufaransa, na punde hata ule ukosi ukafuata njia hiyo. Lile ambalo Thomas na Chabert walilitaka kwa sheria, maaskofu walilitoa kwa ruhusa.

Sasa nitoe rai yangu, maana mwandishi wa historia hana haki ya kujificha nyuma ya tarehe. Chabert na Perrin walisema kweli: nguo ilitangulia kusema kabla ya mtu, na penye uhasama ilisema vibaya. Lakini wote wawili walimtazama padre na wale ambao padre anawatafuta. Hawakumtazama yule anayemtafuta padre. Mwanakijiji hana shida. Amjua padre wake hata akiwa shambani na shati lililochanika. Mwenye shida ni mgeni katika mji mkubwa, aliyefiwa jana, au mwenye dhambi isiyomruhusu kulala, aketiye katika gari la moshi mkabala na mtu mwenye suti asijue kuwa huyo ndiye angemsikiliza. Mtu huyo hana idadi, haandiki kitabu, wala hakualikwa bungeni. Kwa ajili yake naona kuwa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 ilifanya sawa kubakiza vazi linalostahili huku ikiwaachia maaskofu wa kila nchi na desturi za mahali kulipima. Ukosi mdogo watosha. Nasikia mapadre vijana wa Ufaransa wameurudia, na baadhi yao kanzu nzima; sitawacheka, ijapokuwa Papa Selestini pengine angewaandikia waraka.

Mmoja hakuvua kabisa. Félix Kir, aliyepewa upadre mwaka 1901, alikuwa meya wa Dijon tangu 1945 hadi kufa kwake mwaka 1968, na mbunge mpaka 1967. Aliingia Bungeni na kanzu yake nyeusi miaka yote hiyo, akabishana, akatania, akapiga kura. Jina lake lingali likiitwa mikahawani kwa sababu ya kinywaji alichopenda kuwapa wageni. Wakati wa Kir neno la Briand lilikuwa bado na nguvu katika nyumba ile. Mwezi wa Januari 2018 wakuu wa Bunge hilo walitoa kanuni mpya za mavazi, zinazomkataza mbunge kuvaa alama ya dini iliyo dhahiri anapokuwa ukumbini. Kir angezuiliwa mlangoni.