SIRI NA FUMBO: FUNZO LA SAFARI YA ATLANTIS, 1988

Wafasiri wetu hulitumia neno "siri" kwa mambo mawili yaliyo mbalimbali: habari isiyotakiwa kujulikana, na ujumbe uliogeuzwa umbo ili asiyehusika asiusome. Historia ya safari moja ya anga yatuonyesha kwa nini yafaa kuyatenganisha.

Tarehe 2 Desemba 1988 chombo cha Marekani kiitwacho Atlantis kilirushwa kutoka Florida kikiwa na wanaanga watano, kiongozi wao Robert Gibson. Walikuwa wamebeba setilaiti ya kijeshi, ambayo baadaye ilifahamika kuwa ya kupiga picha kwa rada. Setilaiti hiyo ilikuwa siri: jina na kazi yake havikutangazwa.

Sekunde 85 hivi baada ya kuruka, kipande cha kinga ya joto kilibanduka kutoka ncha ya roketi ya upande wa kuume, kikakipiga chombo. Wanaanga walipochungulia kwa kamera ya mkono wa mitambo, waliona vigae vya kuzuia joto vimechubuka vibaya. Lakini kwa kuwa safari ilikuwa ya kijeshi, iliwabidi wapeleke picha Houston kwa njia ya fumbo, na njia hiyo ilipunguza mno ubora wake. Wahandisi wakaamua kwamba kilichoonekana ni mwanga na kivuli tu. Gibson alieleza baadaye kwamba aliamini watakufa.

Tarehe 6 Desemba walitua salama California. Vigae zaidi ya 700 vilikutwa vimeharibika, na kimoja kimetoweka kabisa. Bahati njema, nyuma yake palikuwa na bamba la metali la kushikilia antena.

Wahenga walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Houston hawakukosa werevu. Picha ndiyo iliyofika imepungua. Basi mfasiri akiandika "picha za siri", msomaji atauliza: wahandisi walioruhusiwa kuziona walishindwaje kuziona? Akiandika "picha zilizofumbwa", au akitumia istilahi ya wanakompyuta, "usimbaji fiche", sababu yadhihirika. Siri huamua nani ajue. Fumbo ni namna ya kupeleka ujumbe, nalo laweza kumpunja hata mwenye haki ya kujua. Neno moja halitoshi kubeba yote mawili.