Ifahamu Kata ya Nyakakika, Wilaya ya Karagwe

Nyakakika ni mojawapo ya kata 23 za Halmashauri ya Wilaya ya Karagwe, Mkoa wa Kagera, ambayo makao makuu yake yapo Kayanga. Mwaka 2012 sehemu ya Karagwe ilipomegwa kuunda Wilaya ya Kyerwa, Nyakakika ilibaki Karagwe. Anayelinganisha takwimu za Sensa ya 2002 na zile za 2022 hana budi kukumbuka kuwa Karagwe ya wakati ule ilikuwa pana zaidi.

Wenyeji wa Karagwe ni Wanyambo, na lugha yao ni Kinyambo. Ufalme wao ulikuwa na makao Bweranyange, na Omukama Rumanyika ndiye aliyempokea msafiri Mwingereza John Hanning Speke mwaka 1861. Maisha ya wakulima wa wilaya hii yanategemea kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa lililoizunguka nyumba. Ndizi ni chakula. Kahawa aina ya robusta ndiyo fedha, nayo huuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika.

Kwa kuwa kibanja hurithiwa na kugawanywa, mipaka yake huzua migogoro, na hapo ndipo mwananchi hukutana na serikali yake kwa karibu zaidi. Nchini Ujerumani, hata manispaa ya vijijini yenye wakazi mia chache huwa na meya, baraza na haki ya kutoza kodi ya ardhi. Kata ya Tanzania haiko hivyo. Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata, huratibu mipango, lakini chombo chenye hadhi ya kisheria ya kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa ni halmashauri ya kijiji. Nayo haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na hupaswa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu. Asiyehudhuria huenda akasikia habari za ardhi yake baada ya uamuzi kupita.

Baraza la kata, lenye wajumbe kati ya wanne na wanane wakiwemo wanawake wasiopungua watatu, bado wananchi wengi hulichukulia kama mahakama. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea mamlaka ya kuamua mashauri ya ardhi; sasa kazi yake ni kusuluhisha. Hata hivyo hatua hiyo hairukwi. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri mpaka baraza la kata lithibitishe kwa maandishi kuwa usuluhishi umeshindikana. Iwapo siku 30 zitapita bila usuluhishi kukamilika, mlalamikaji anaweza kufungua shauri wilayani bila hati hiyo. Ni vyema tarehe ya kuwasilisha lalamiko iandikwe na nakala ibaki mikononi mwa mlalamikaji, kwani siku hizo 30 huhesabiwa kuanzia hapo.