Kufuli la Krasha

Thika Road mpya ilifunguliwa rasmi na Rais Kibaki tarehe 9 Novemba 2012. Kilomita 50 hivi, kampuni tatu za Kichina, kazi iliyoanza 2009. Chini ya lami yote hiyo kuna kokoto, na kokoto haziokotwi. Lazima mtu aponde mawe.

Miaka hiyo mjomba wangu alikuwa fundi wa krasha kwenye kwari moja upande wa Juja, katikati ya Ruiru na Thika. Kokoto zao hazikwenda barabarani. Zilikwenda kwenye hizi fleti zilizoota kando yake.

Krasha ya taya ni mashine ya kitambo. Eli Whitney Blake alipata hataza yake Marekani mwaka 1858. Alikuwa amepewa kazi ya kusimamia barabara ya mawe huko New Haven, akaona kuponda kwa nyundo kunavyochelewesha kila kitu. Akaunda taya mbili za chuma: moja imetulia, nyingine inasukumwa mbele na nyuma. Jiwe linabanwa, linapasuka, linashuka, linabanwa tena. Wazo ni lile lile mpaka leo. Na nyundo pia haijaondoka: bado utaona akina mama kando ya barabara wakiponda kokoto kwa mkono, wakiuza kwa debe.

Mwaka 1882 Mwingereza Robert Hadfield, huko Sheffield, akagundua chuma cha manganizi, ambacho kadiri kinavyogongwa ndivyo kinavyozidi kuwa kigumu. Lakini hata hicho huisha. Mabamba ya taya huliwa zaidi upande wa chini, kwa hivyo fundi huyafungua akayageuza juu chini ili yaishe sawasawa. Ukiongeza grisi kwenye beringi, kukaza bolti, kuangalia mkanda na kupima ule mwanya wa chini unaoamua ukubwa wa kokoto, hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mjomba.

Siku moja 2010 jiwe lilikwama. Mjomba akazima, akaingiza mkono kulitoa. Mwenzake akarudi kutoka chai, akaona mashine imenyamaza, akawasha. Vidole viwili vikabaki pale. Mwenzake hakuwa na ubaya. Swichi tu haikuwa na cha kumwambia kwamba kuna mtu ndani.

Kenya ilikuwa na Sheria ya Viwanda tangu 1951, kisha ikaja ile ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Zote zilidai sehemu hatari za mashine zikingwe. Yaani siku ile mjomba anaumia, sheria ilikuwa na karibu miaka 60, na kwenye kwari ile ilikuwa bado haijafika.

Alipopona alirudi. Akanunua kufuli mjini Thika, kwa pesa yake, akatoboa kisanduku cha swichi. Kila akitaka kugusa mashine alizima, akafunga, akangoja yale magurudumu mazito yasimame kabisa, maana huendelea kuzunguka hata umeme ukikatwa. Ufunguo ulikaa mfukoni mwake. Msimamizi alipiga kelele, ati anapoteza muda.

Kufuli lilikuja na funguo mbili. Msimamizi akaomba ule wa pili, akae nao ofisini. Mjomba hakumpa.