JAMBO BWANA: WIMBO HUU UNA MWENYEWE

Wengi wanaouimba, Mombasa na kwingineko, hudhani ni wimbo wa jadi usio na mtunzi. Mtunzi wake ni Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi ya ndugu kutoka pwani ya Kenya.

Bendi ilikuwa ikiwatumbuiza watalii kwenye hoteli za ufukweni. Kalanda aliwasikia wageni wakihangaika kujifunza Kiswahili, akazipanga salamu kama zinavyofuatana katika mazungumzo: jambo, habari, karibu, kisha neno la kumtoa mgeni wasiwasi. Maneno machache, mdundo wa taratibu, kiitikio chepesi. Aliyeshuka kwenye ndege asubuhi aliweza kuitikia jioni. Ufundi wenyewe ndio huo, na si mdogo hata kidogo.

Santuri ilitoka mwaka 1982. Hesabu inayotajwa ya mauzo nchini Kenya hadi 1987 ni zaidi ya nakala 200,000. Mwaka 1983 Boney M. wa Ujerumani waliurekodi upya, ukafika Ulaya. Kadiri ulivyosambaa, ndivyo jina la mtunzi lilivyosahaulika.

Ukiuimba, mtaje Teddy Kalanda Harrison.