Nani aliulizwa? Historia ya udongo wetu na makaratasi yake

Leo tunazungumzia swali la zamani sana. Kabla udongo haujatolewa kwa kompani, kwa tajiri ao kwa mradi wa serikali, nani anaulizwa? Swali hili limefikisha zaidi ya miaka 140 katika inchi yetu, na linawahusu sana watu waliokimbia makwao.

Tuanze mwaka 1884. Tarehe 1 Aprili mwaka huo, machefu wa Ngombi na Mafela walitia alama zao kwenye mkataba na chama cha mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mkataba uliandikwa kwa lugha wasiyoijua. Ulisema kwamba wanaachilia utawala wa udongo wao milele, pamoja na haki za uvuvi, uwindaji, misitu na madini. Kila chefu angepewa kipande kimoja cha kitambaa kwa mwezi, juu ya vitambaa alivyokabiziwa siku ile. Karatasi ya namna hiyo ilitiwa alama na machefu wengi, na Leopold alizitumia kuonyesha mataifa ya Ulaya kwamba wenyeji wamekubali.

Mwaka uliofuata, hata alama ya chefu haikuhitajika tena. Tarehe 1 Julai 1885, amri ya utawala mpya ilisema kwamba udongo usiokaliwa na mtu ni mali ya dola. Kwa macho ya wazungu, shamba lililopumzishwa, malisho ya ng'ombe na pori la kuwindia vilikuwa udongo mtupu. Kwa wakaaji, kila pori lilikuwa na ukoo wake, na kila mpaka ulijulikana kwa mti, kwa kijito ao kwa kaburi la babu.

Kwetu Kivu, jambo hilo lilikuja kwa nguvu mwaka 1928, wakati Wabelgiji walipounda Komite ya Taifa ya Kivu. Komite hiyo ilipewa uwezo wa kugawa udongo ulioitwa mtupu kwa walowezi. Ndipo mashamba makubwa ya kahawa na kinini yalipoenea kwenye vilima vyetu. Migogoro mingi ya udongo tunayoisikia hadi leo kati ya wakulima na wenye mashamba makubwa ina mizizi yake pale.

Malalamiko yakazidi, na tarehe 31 Mei 1934 ikatoka sheria ya kufanya uchunguzi kabla udongo haujatangazwa kuwa mtupu. Mtumishi wa serikali alipaswa kufika mahali penyewe, kusikiliza wenyeji, kuandika haki zao na malipo ya kuziachilia. Hiyo ilikuwa hatua, tuseme ukweli. Lakini aliyeuliza alikuwa mtumishi wa utawala uleule uliotaka udongo ule. Mkulima wa wakati wa ukoloni, mbele ya mzungu na askari wake, alikuwa na nafasi gani ya kusema hapana?

Uhuru ulipopatikana, watu walitumaini mabadiliko. Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 ilirudisha udongo kwa dola ya Kongo. Kisha sheria ya tarehe 20 Julai 1973, enzi ya Mobutu, ikasema wazi kwamba udongo wote ni mali ya dola. Ilikubali kwamba jamii za vijijini zina haki ya kutumia udongo wao wa desturi, na ikaahidi kwamba amri ya Rais ingepanga haki hizo. Miongo ilipita, amri hiyo haikutoka. Mkulima akabaki na shamba la baba yake bila karatasi, huku mwenye karatasi akiwa na nguvu mbele ya tribinali.

Mfano mchungu zaidi ni wa ndugu zetu Wabatwa. Mbuga ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975. Wabatwa walifukuzwa katika msitu wa mababu zao bila kukubali wenyewe na bila fidia. Ilibidi kungoja hadi Julai 2024 ndipo Komisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipotangaza uamuzi wake kwamba haki zao zilivunjwa na kwamba wanapaswa kurudishiwa udongo wao. Waliofukuzwa wakiwa watu wazima, wengi wao hawakuishi kusikia maneno hayo.

Leo sheria zimeandikwa vizuri kuliko zamani. Dekreti ya tarehe 20 Mei 2011 inalazimisha mikataba ya mali asili itangazwe kwa umma ndani ya siku 60. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka kompani ikubaliane na jamii iliyoguswa na mradi kuhusu daftari la masharti, ambamo barabara, shule ao kituo cha afya vinaandikwa. Inataka pia angalau asilimia 0,3 ya mapato ya mauzo iende kwenye maendeleo ya jamii hizo.

Lakini jamii ni nani? Hapo ndipo historia inarudi. Kijiji kikikimbia, mkutano unaweza kuitishwa pamoja na watu wachache waliobaki, ao na wajumbe wanaoishi mjini. Orodha ya waliohuzuria inajazwa, picha zinapigwa, halafu inaandikwa kwamba wakaaji wamekubali. Shamba ambalo mwenyewe yuko kambini linaonekana kama udongo mtupu, sawasawa na mwaka 1885.

Na kuna jambo ambalo kila familia iliyohama inapaswa kujua. Kwa sheria hiyohiyo ya mwaka 1973, cheti cha kusajili udongo kikishamaliza miaka 2 tangu kitolewe, kwa kawaida hakishambuliki tena mbele ya tribinali. Ni familia ngapi zimekaa kambini ao kwa ndugu zaidi ya miaka 2?

Kwa bahati, sheria hiyo pia inasema kwamba kabla ya kutoa udongo wa kijijini, lazima uchunguzi ufanyike. Mchunguzi anapaswa kusikiliza watu wanaodai kwa mdomo na kusoma madai yaliyoandikwa. Haisemi kwamba aliyekimbia vita amepoteza sauti yake.

Kwa hiyo wazee wetu, akina mama, vijana, tusingoje amani ndipo tuseme. Andikeni mipaka ya mashamba yenu wakati wazee wanaoijua bado wako hai: kijito, mti, jina la jirani wa kila upande. Wajane na mayatima waandikwe kwa majina yao wenyewe, wasifichwe nyuma ya jina la mjomba ao shemeji. Watu wa kijiji kimoja walio katika kambi moja wachague wajumbe, wanaume na wanawake, na wajumbe hao wajulikane na chefu na mashirika ya raia. Mkisikia kwamba mradi unapimwa kwenu, tumeni barua kwa ofisi ya hati za udongo na kwa teritware, na mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Asiyejua kuandika aombe msaada kwa mwalimu, kwa parokia ao kwa wanasheria wanaosaidia watu bure.

Nao wanaoitisha mikutano, wawe watu wa serikali ao wa kompani, wafike pia kambini, na wasome mkataba kwa lugha ambayo watu wanaielewa. Njia ya kufika huko wanaijua, kwa sababu ndiyo wanayopita wakati wa kuandikisha watu kwa ajili ya unga na maharagwe.